Kitabu cha Kazi Zako kwa Mikono Yako: Mikunjo, Mshono wa Pembeni, Mshono wa Kikopti au Jalada Gumu?

Mtu anayechora, anayepiga picha, anayechapa kwa mbao au anayeandika mashairi hufikia wakati ambapo kazi zake zinahitaji mahali pa kukaa pamoja, zionekane kwa mpangilio alioupanga mwenyewe. Kitabu kilichotengenezwa kwa mkono kinaitimiza haja hiyo kwa namna ambayo skrini haiwezi, kwa sababu msomaji anaishika karatasi, anajiamulia mwendo wa kufunua kurasa, na anaiona kazi katika ukubwa ule ambao mtunzi aliutaka. Ugumu ni kwamba njia za kukijalidi ni nyingi, na wengi huchagua kwa kutazama uzuri wa jalada, kisha wakagundua kwamba picha yao pana imezama katika mpindo wa katikati, au kwamba kazi mpya haina tena pa kuingia.

Ulinganisho huu unachukua njia nne ambazo mtu anaweza kuzifanya mezani kwake bila mashine: kitabu cha mikunjo, mshono wa pembeni, mshono wa Kikopti, na kitabu cha mafungu (karatasi zilizokunjwa katikati na kupachikwa moja ndani ya nyingine) chenye jalada gumu. Msimamo wangu, ambao utaonekana katika kila sehemu, ni kwamba jambo la kuamua kwanza ni namna kitabu kitakavyofunguka mbele ya msomaji, na mengine yote yafuate hilo.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni kufunguka: je, kitabu kinalala bapa au kinataka kushikiliwa kwa mikono miwili, na je, picha inayovuka kurasa mbili zinazotazamana inaonekana nzima? Cha pili ni karatasi na kazi yenyewe, yaani kama njia inakubali karatasi moja moja au inataka karatasi zilizokunjwa katikati, na kama inavumilia karatasi nzito na vitu vilivyobandikwa. Cha tatu ni mabadiliko: uwezekano wa kuongeza, kuondoa au kupanga upya baada ya kitabu kukamilika. Cha nne ni uimara, hasa pale ambapo kitabu kitapita mikononi mwa watu wengi au kitasafirishwa. Cha tano ni kazi ya mkono, yaani vifaa, subira na ustadi unaohitajika. Sikuuweka uzuri miongoni mwa vigezo kwa sababu kila mojawapo ya njia hizi inaweza kutoa kitabu kizuri sana ikifanywa kwa uangalifu.

Kwanza karatasi, kwa njia yoyote utakayoichagua

Karatasi iliyotengenezwa kwa mashine ina mwelekeo, kwa sababu nyuzi zake nyingi zimelala upande mmoja. Ukiikunja kuzifuata nyuzi, mkunjo hutoka safi. Ukiikunja kuzikata, karatasi hukaidi, na ikiwa nzito hupasuka juu ya mkunjo. Tena, karatasi ikipata unyevu hupanuka zaidi kwa upande unaokingama na nyuzi. Ndiyo maana wajalidi hushikilia kwamba nyuzi zielekee sambamba na mgongo wa kitabu, katika kurasa, katika kadibodi na hata katika karatasi ya jalada, la sivyo kurasa hukakamaa na kufanya mawimbi karibu na gundi. Kuujua mwelekeo si kazi ngumu: pinda karatasi taratibu bila kuikunja, kwanza upande mmoja kisha wa pili, na upande unaopinda kwa ulaini zaidi ndio unaozifuata nyuzi.

Jambo hili huwaponyoka watu wengi kwa sababu ya karatasi ya A4 ya kawaida, yenye milimita 210 kwa 297. Aghalabu nyuzi zake hufuata urefu, kwa hiyo ukiikunja katikati upate kijitabu cha A5, mkunjo unazikata nyuzi. Suluhisho ni kununua karatasi kubwa zaidi na kuikata mwenyewe kwa mwelekeo unaoutaka, au kuchagua njia ya kujalidi isiyohitaji mkunjo kabisa.

Kuhusu uzito, karatasi ya ofisini yenye gramu 80 kwa mita ya mraba huonyesha upande wa pili kilichochapwa nyuma yake. Kwa michoro na picha, gramu 120 hadi 160 hutosha mara nyingi, na kuanzia 200 karatasi huanza kuwa nzito kushonwa kwa mafungu. Ikiwa unataka kitabu kiishi miaka mingi, tafuta karatasi isiyo na asidi. Ile inayokidhi kiwango cha kimataifa cha ISO 9706, kilichotolewa kwanza mwaka 1994, imekusudiwa kudumu. Karatasi ya magazeti, hata ikipendeza kwa rangi yake, hugeuka manjano na kuvunjika kwa sababu ya lignini, dutu ya asili ya mbao, iliyomo ndani yake.

Kitabu cha mikunjo

Hiki ni ukanda mmoja mrefu wa karatasi uliokunjwa kwenda na kurudi, huku ncha zake mbili zikibandikwa kwenye vipande viwili vya kadibodi vinavyokuwa majalada. Ni muundo wa kale. Maandiko ya Kibuddha yalikunjwa hivi nchini China na Japani, na Wamaya wa Amerika ya Kati nao walikuwa na vitabu vya namna hiyo. Kimoja chao kinachohifadhiwa mjini Dresden, Ujerumani, kina karatasi 39 zilizotengenezwa kwa magome ya mti, na kikitandazwa chote kinapita urefu wa mita 3.

*Kufunguka.* Hapa njia hii haina mpinzani. Msomaji anaweza kufunua kurasa mbili mbili kama katika kitabu kingine chochote, au akautandaza ukanda wote na kuiona kazi nzima kwa mara moja, na hakuna uzi wala gundi inayokatiza picha popote. Kinaweza kusimamishwa wima juu ya meza ya maonyesho, mikunjo yenyewe ikakishikilia, na watu wakakizunguka. Kwa kazi inayosonga kwa mfululizo, kama mandhari ndefu, hatua za kukua kwa mmea, au shairi ambalo beti zake zinaambatana, sijui umbo linaloisaidia kazi zaidi ya hili.

*Karatasi na kazi.* Gramu 160 hadi 220 hufaa, kwa kuwa karatasi nyembamba hulegea na ukanda hauwezi kusimama. Nyuzi lazima ziende sambamba na mikunjo. Pande zote mbili za ukanda zinaweza kutumika, ingawa nyuma ikiachwa tupu kitabu hutulia zaidi machoni. Vitu vya kubandika vinakubalika, mradi visivuke mkunjo, na mradi unene wake usikizuie kitabu kufungika vizuri.

*Mabadiliko.* Kabla ya kubandika jalada la nyuma, ukanda unaweza kurefushwa kadiri upendavyo kwa kuunganisha kipande kingine kwa ulimi wa gundi wa milimita 10 hivi. Baada ya hapo mlango umefungwa, isipokuwa kwa kazi zilizopachikwa kwenye pembe za karatasi bila gundi, ambazo zinaweza kuchomolewa na kubadilishwa.

*Uimara.* Huu ndio udhaifu wake. Hakuna mgongo unaozishika kurasa, hivyo kitabu kikiponyoka mkononi hufunguka chote hadi sakafuni, na mikunjo huchakaa mapema kuliko sehemu nyingine yoyote. Utepe wa kukifungia au kijaluba cha kadibodi cha kukitia ndani ni sehemu ya muundo wenyewe na usingoje mwisho kukifikiria.

*Kazi ya mkono.* Hakuna kushona, wala hakuna msharasi wa kutobolea mashimo. Kinachodaiwa ni usahihi, kwa sababu kosa la milimita moja katika mkunjo wa kwanza huzidishwa na kila mkunjo unaofuata mpaka ukanda ukaenda mshazari. Njia ya kuliepuka ni kutopima kwa rula bali kugawa: kunja ukanda katikati, kisha kila nusu katikati, kisha kila robo katikati, na ukanda wa mita 1 utakupa sehemu nane za milimita 125 kila moja. Mikunjo hiyo ya awali yote huelekea upande mmoja au mwingine bila utaratibu. Mwishoni ndipo unapoigeuza ipishane.

Njia hii inamfaa mwenye kazi chache zinazosimulia jambo moja, na anayetarajia kuzionyesha mezani kuliko kuziweka rafuni. Haimfai mwenye picha hamsini zisizohusiana.

Mshono wa pembeni

Kurasa hupangwa katika rundo, mashimo hutobolewa karibu na ukingo wa upande mmoja, na uzi hupitishwa kwenye mashimo na kuzungushwa mgongoni hadi rundo lote lishikane. Mtindo huu ulienea nchini China katika zama za Ming, kati ya 1368 na 1644, na Wajapani wakauchukua na kuupamba. Mshono wao wa mashimo manne ndio unaofundishwa kwanza, na ipo mingine ambayo uzi huchora umbo la jani la katani au gamba la kobe kando ya jalada.

*Kufunguka.* Kitabu hiki hakilali bapa, na ni vyema kulikubali hilo tangu mwanzo. Mashimo hukaa milimita 10 hadi 15 kutoka ukingoni, na karatasi haiwezi kupinda mpaka ivuke mstari huo, kwa hiyo kila ukurasa unapoteza pambizo pana upande wa ndani. Picha inayovuka kurasa mbili haifai kabisa hapa. Karatasi laini hupunguza tatizo kwa kuwa huanguka yenyewe inapofunuliwa. Karatasi nzito hulizidisha, na msomaji hulazimika kukishika kitabu muda wote kisijifunge.

*Karatasi na kazi.* Faida yake kubwa ni kwamba hupokea karatasi moja moja. Aliyechapa kazi zake kwa printa ya nyumbani, ukurasa kwa ukurasa, hana haja ya kupiga hesabu ya ukurasa upi uchapwe mgongoni mwa upi. Karatasi nyembamba ambayo wino wake hupenya inaweza kuchapwa upande mmoja tu, kisha ikakunjwa ili mkunjo uwe upande wa nje wa kitabu na ncha mbili zilizo wazi zishonwe mgongoni; ukurasa unakuwa mfuko wa tabaka mbili, na upande wa pili hauonekani. Ndivyo vitabu vingi vya kale vya Asia Mashariki vilivyofanywa, na kwa chapa za mbao matokeo yake ni ya kupendeza sana.

*Mabadiliko.* Uzi unaweza kukatwa, kurasa zikaongezwa au kuondolewa, na kitabu kikashonwa upya kupitia mashimo yaleyale. Anayetarajia kubadilisha mara kwa mara atatumia skrubu za albamu badala ya uzi: nguzo fupi za chuma zenye kifuniko cha kuzungusha, ambazo hufunguliwa na kufungwa kwa dakika chache. Sura yake ni kavu zaidi, hilo sikatai, lakini kwa mtu anayepeleka kazi tofauti kwa watu tofauti hakuna njia nyepesi zaidi ya hii.

*Uimara.* Mshono wenyewe ni imara na kurasa hazichomoki. Kinachoteseka ni jalada mahali linapopindia. Likiwa la kadibodi ngumu huhitaji bawaba, yaani kipande chembamba cha kadibodi kilichotenganishwa na jalada lililobaki kwa nafasi ya milimita chache na kufunikwa kwa kitambaa.

*Kazi ya mkono.* Ndiyo njia ya haraka zaidi kati ya nne. Msharasi, sindano butu, uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki na vibanio viwili vya kulishika rundo lisisogee vinatosha. Toboa mashimo yakiwa wima kabisa, kwa sababu msharasi ukiinama, mstari wa nyuma utakuwa umepinda hata kama wa mbele umenyooka.

Unamfaa mshairi, mchapaji wa mbao, na mpiga picha ambaye kila picha yake inakaa katika ukurasa wake na ina nafasi nyeupe ya kutosha kuizunguka.

Mshono wa Kikopti

Wakristo wa Misri wa karne za mwanzo, yaani Wakopti, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuacha gombo na kutumia kitabu chenye kurasa za kufunuliwa, na mshono unaobeba jina lao ni wa mnyororo: kila fungu hufungwa kwa lile lililolitangulia, na msuko unaonekana wazi mgongoni. Mafundi wa Ethiopia waliuendeleza kwa karne nyingi, wakishona ngozi za kuandikia moja kwa moja kwenye majalada ya mbao. Fungu, kwa wasiolizoea neno hili katika kazi ya kujalidi, ni karatasi kadhaa zilizokunjwa katikati na kupachikwa moja ndani ya nyingine.

*Kufunguka.* Kitabu hulala bapa katika ukurasa wowote, na jalada linaweza kuzungushwa hadi nyuma. Kwa mchoraji anayetaka kazi itazamwe mezani bila mkono wa mtu kuizuia, sifa hii peke yake inatosha kumshawishi. Lakini kulala bapa na kuonyesha picha nzima ni mambo mawili tofauti, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Katika fungu la karatasi nne lenye kurasa 16, ni ukurasa wa 8 na wa 9 tu ambazo ni karatasi moja isiyokatika. Kurasa nyingine zote zinazotazamana ni nusu za karatasi mbili tofauti, na kati ya fungu na fungu kuna mwanya unaoonekana. Picha pana iwekwe katikati ya fungu, na uzi unaopita hapo uchaguliwe kwa rangi inayoafikiana nayo. Ikiwa una picha pana sita, basi panga mafungu sita, hata kama kila moja litakuwa na karatasi mbili tu. Huo ndio upangaji wenyewe, na ni mzuri kuufanya, kwa sababu unaulazimisha mkono kufikiri kuhusu mwendo wa kitabu kabla ya kushika sindano.

*Karatasi na kazi.* Karatasi lazima zikunjwe katikati, kwa hiyo anayechapa atahitaji mpangilio wa fungu: katika mfano uleule wa kurasa 16, karatasi ya nje hubeba ukurasa wa 1 na wa 16 upande mmoja, na wa 2 na wa 15 upande wa pili. Anayechora moja kwa moja ndani ya kitabu kilichokwisha kushonwa hana shughuli hiyo. Karatasi nzito zinakubalika zikiwekwa chache kwa fungu. Gramu 200 zisizidi karatasi mbili au tatu. Vitu vilivyobandikwa huunenepesha upande wa nje kuliko mgongo, mpaka kitabu kikakataa kufungika. Dawa yake ni kushona vipande vyembamba vya karatasi ndani ya mafungu, vipana kwa sentimita 2 hadi 3, ili mgongo upate unene unaolingana na kile kitakachobandikwa.

*Mabadiliko.* Kitabu kikishashonwa kimeshonwa. Kuondoa karatasi moja kunaiachia nusu yake ya pili hewani, na kuingiza fungu jipya katikati kunadai kufumua mshono. Njia ya kujiachia nafasi ni kushona vipande vyembamba nilivyovitaja na kubandika kazi mpya juu yake baadaye.

*Uimara.* Mshono wa mnyororo ni madhubuti, kwa kuwa kila fungu limefungwa kwa mwenzake. Udhaifu wake ni kwamba mgongo uko wazi. Vumbi huingia, uzi husuguliwa, na kitabu kikisimamishwa rafuni kwa miaka hupoteza wima wake kidogo kidogo. Kilazwe, au kitiwe katika kijaluba.

*Kazi ya mkono.* Hakuna gundi katika mgongo, na hilo ni faraja kwa wanaoiogopa. Uzi unaohitajika ni sawa na urefu wa mgongo ukizidishwa kwa idadi ya mafungu, ukiongeza kiasi cha majalada mawili na cha kufungia. Mashimo yatobolewe kwa kufuata kipimo kimoja cha karatasi ngumu, la sivyo msuko utayumba mgongoni na kila atakayekishika kitabu atauona. Vuta uzi kila mara sambamba na mgongo. Ukivutwa kwa nje hupasua karatasi kwenye shimo. Mshono wa kwanza huonekana mgumu kwa sababu fungu la kwanza na jalada hushonwa kwa pamoja, kisha mkono huzoea na kazi inakuwa ya kurudia.

Unamfaa mchoraji, mwenye daftari la michoro linaloonyesha safari ya mawazo yake, na yeyote ambaye anataka ufundi wa kitabu uonekane pamoja na kazi iliyomo.

Kitabu cha mafungu chenye jalada gumu

Hapa mafungu hushonwa, mgongo hupakwa gundi na kutiwa kitambaa chepesi cha wavu, kisha jalada lililotengenezwa peke yake huunganishwa na kurasa kwa karatasi za mwanzo na za mwisho. Ndicho kitabu ambacho mtu yeyote akikiona rafuni hukitambua kuwa kitabu.

*Kufunguka.* Hufunguka vizuri kuliko mshono wa pembeni, na chini ya ule wa Kikopti. Gundi ya mgongoni huzibana kurasa kidogo, hasa zile za mwanzo na za mwisho, ambazo huvutwa na karatasi zilizobandikwa kwenye jalada. Usiweke kazi yako muhimu zaidi hapo. Sheria ya picha pana ni ileile ya katikati ya fungu, isipokuwa mwanya kati ya mafungu hauonekani sana.

*Karatasi na kazi.* Gramu 100 hadi 150 ndizo zinazotulia zaidi. Kitabu hiki kinapenda usawa, kwa maana ya kurasa za unene mmoja na kazi zilizochapwa juu ya karatasi yenyewe badala ya kubandikwa. Picha za wino wa printa ziachwe zikauke angalau saa 24 kabla ya kugandamizwa, na michoro ya makaa au chaki ipulizwe kigandishi na kutenganishwa kwa karatasi laini, kwa sababu uzito wa jalada huisugua zaidi kuliko katika njia nyingine.

*Mabadiliko.* Hayapo. Anayekichagua awe amekwisha kukubali kwamba mkusanyo umefungwa.

*Uimara.* Ndicho kinachostahimili zaidi mikono ya watu, mkoba na usafiri. Kadibodi ya milimita 2 hadi 3 inayozidi kurasa kwa milimita 3 katika pande tatu hupokea pigo kabla ya karatasi. Jina linaweza kuandikwa mgongoni, nacho kikaonekana miongoni mwa vitabu vingine.

*Kazi ya mkono.* Ina hatua nyingi, na kila moja hungoja iliyotangulia ikauke. Nafasi kati ya kadibodi na kipande cha mgongo, ambayo ndiyo bawaba, huwa milimita 7 hivi: ikiwa ndogo jalada halifunguki, ikiwa kubwa kurasa hulegea ndani yake. Gundi nyeupe ya PVA hushika haraka na hubaki nyumbufu, lakini haikupi muda wa kusahihisha. Gundi ya wanga wa ngano hukupa muda, na hata ikikauka inaweza kulegezwa kwa maji, ila huleta unyevu mwingi unaopinda kadibodi. Wengi huchanganya zote mbili, na nadhani ni busara kufanya hivyo. Kitabu kilichounganishwa hukaa chini ya uzito usiku mzima, kikiwa kimetenganishwa na karatasi isiyoshika gundi. Kuna nafuu moja: kwa kuwa jalada hutengenezwa kando, likiharibika kabla ya kuunganishwa unalitupa na kufanya jingine bila kuzigusa kurasa.

Kinamfaa mwenye mkusanyo uliokamilika, anayetaka kuuacha katika maktaba, kumkabidhi mtu wa familia, au kuutuma mbali.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ikiwa unapeleka kazi zako kwa walimu wa chuo, wahariri au wateja, na unajua kwamba kila mmoja atataka kuona upande tofauti wa kazi yako, tumia mshono wa pembeni kwa skrubu. Anayekagua kazi nyingi kwa siku moja hana muda wa kuusifu mshono, naye anachohitaji ni kurasa 12 hadi 20 zilizochaguliwa kwa ukali.

Ikiwa kazi ni moja na ndefu, au ni mfululizo unaopaswa kuonekana kwa pamoja katika maonyesho, kitabu cha mikunjo kitaisaidia kuliko njia nyingine zote, ila usikitegemee kama nakala ya pekee pale ambapo watu wengi watakigusa bila uangalizi. Ikiwa ni michoro ya mkono ya karatasi nzito na unataka itazamwe kwa utulivu mezani, chagua Kikopti. Ikiwa ni mashairi yenye picha chache, mshono wa pembeni kwa uzi na jalada gumu vyote viwili vinafaa, na kitakachoamua ni idadi ya kurasa: chini ya 40, mshono wa pembeni ni mwepesi na wa kupendeza, zaidi ya hapo unene huanza kukizuia kitabu kufunguka.

Kwa anayejalidi kwa mara ya kwanza na kazi asili zisizo na nakala, nasisitiza jambo moja bila kulegeza: usiziweke kazi hizo katika kitabu chako cha kwanza. Zipige picha au uzitoe nakala kwanza, na kazi asili ziingie katika kitabu cha pili au cha tatu, mkono utakapokuwa umezoea. Hili linahusu jalada gumu zaidi ya mengine, kwa sababu ya gundi.

Na ikiwa umebaki kati ya njia mbili, tengeneza vielelezo viwili vya karatasi tupu, kwa ukubwa kamili na uzito uleule wa karatasi utakayoitumia, uviandike tu kwa penseli mahali kila kazi itakapokaa. Mpe kila kimoja mtu asiyezijua kazi zako na utazame mikono yake: anakishika wapi, anaachia wapi, ni ukurasa gani anaouruka kwa sababu haufunguki vizuri. Kisha pima pambizo ya ndani kwa rula mahali karatasi inapoanza kupinda, na uhamishe kipimo hicho kwenye kazi zako kabla ya kuzichapa.